Kuchagua Chelezo cha Mshipi

Avuaye samaki kwa mshipi huchukua vitu vichache aendapo majini: ufito, mshipi, ndoana, chubwi, chambo na chelezo. Katika vitu hivyo, chelezo ndicho kidharauliwacho kuliko vyote. Mtu aweza kuzunguka maduka matatu akitafuta ndoana iliyo kali, na mshipi ataujaribu kwa kuuvuta kwa mikono miwili mbele ya mwenye duka. Lakini chelezo atakiokota njiani, kizibo cha chupa au kipande cha ndara kuukuu, akifunge kwa fundo moja na kudhani kazi imekwisha. Halafu hukaa ukingoni tangu asubuhi hata adhuhuri, chambo chaliwa na chelezo hakina habari, naye hurudi nyumbani akisema kwamba samaki wa siku hizi wamekuwa wajanja.

Samaki hawakuzidi ujanja. Mtu huyo amejiwekea tarishi mvivu, basi. Chelezo ni tarishi: kazi yake ni kuleta juu habari za mambo yatendekayo chini, mahali ambapo jicho halifiki. Wala tarishi aletaye habari mbaya si mbaya kama yule asiyeleta habari yoyote.

Yuko karani mmoja wa serikali, kazi yake mjini Kisumu, aliyejifunza jambo hili mara mbili, na mara zote mbili mwalimu wake alikuwa baba yake. Mara ya kwanza alikuwa mtoto wa miaka 7. Mara ya pili alikuwa mtu mzima wa miaka 36, mwenye mke na watoto, aliyekwisha maliza zamani masomo ya sekondari katika shule ya misheni. Na somo hilo la pili nusura limpite asilione.

Kwao ni kando ya Ghuba ya Winam, ule mkono wa Ziwa Viktoria uingiao katika nchi ya Kenya. Baba yake alikuwa mkulima wa mtama na mahindi, na kila alipopata nafasi alivua. Siku ile ya kwanza mtoto alikuja mbio na ufito wake, akiwa amefunga kizibo kikubwa cha chupa, naye alijiona fundi. Mzee hakumkemea. Alikifungua kile kizibo, akachomoa katika makuti ya paa mwiba wa nungunungu wenye urefu wa shibiri moja, kisha akaleta ndoo ya maji.

"Kizamishe kizibo kwa kidole," alisema. Mtoto akakizamisha, na kizibo kikashindana na kidole kama mbuzi akataaye kamba. "Sasa zamisha mwiba." Mwiba ukashuka bila ubishi.

"Basi wewe sasa ni samaki," akasema mzee. "Ni kipi kati ya hivi viwili kitakachokutisha?"

Miaka ilipopita, mtoto yule alisoma shuleni habari za Archimedes, Myunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliyeeleza kwamba kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyasogeza. Mwalimu alipochora ubaoni, mwanafunzi aliikumbuka ile ndoo. Kizibo kizima cha chupa ya mvinyo huhitaji nguvu ya gramu 15 au zaidi ili kizame chote, hali mwiba mwembamba hutosheka na gramu moja au mbili. Samaki aitwaye ngege ana mdomo mdogo, naye hali kwa pupa. Hukifyonza chambo, hukionja, na akihisi kitu kikimvuta hukitema mara moja. Avuaye kwa kizibo humtoza ngege ushuru wa gramu 15 kabla hajala. Ngege hakubali.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya chelezo ni hii: chagua kile kilicho chepesi kuliko vyote viwezavyo kuichukua kazi. Na kazi yenyewe ni kubeba chubwi na chambo, na kuonekana na mwenye mshipi. Chelezo kikiisha chaguliwa, yafaa kipimwe nyumbani katika ndoo. Huongezwa uzito kidogo kidogo katika mshipi mpaka chelezo chote kizame, kisalie ncha tu, kiasi cha ukucha wa kidole. Chelezo kilichosimama nusu nje ya maji hakijapimwa, nacho huficha habari nyingi.

Kanuni ya pili ni kuyatazama maji. Katika bwawa lililotulia, mwiba wa nungunungu, au unyoya mgumu wa ndege mkubwa uliopunguzwa manyoya yake, watosha kabisa. Katika mto uendao kasi, mwiba mtupu hukokotwa na kuzamishwa na maji yenyewe, na mvuvi hudanganyika kila dakika; hapo hutakiwa chelezo chenye tumbo, na tumbo hilo liwe karibu na juu, nacho kifungwe mshipi katika ncha zote mbili. Ziwani adui ni upepo. Pwani ya Ziwa Viktoria upepo wa asubuhi hutoka nchi kavu kwenda majini, na alasiri hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu, nao huuchukua mshipi uliolala juu ya maji ukakikokota chelezo pamoja nao. Dawa yake ni kukifunga chelezo katika ncha ya chini peke yake, na kuuzamisha mshipi chini ya mawimbi. Mzee yule alitumia kipande cha mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli. Hukatwa kama pete, ikavishwa mwiba, mshipi ukapita ndani yake. Pete hiyo hubana mshipi, nayo husogezwa juu au chini bila kufungua fundo.

Kanuni ya tatu ni kina. Hutundikwa uzito katika ndoana na kutupwa majini. Chelezo kikizama kabisa, mshipi ulio chini yake ni mfupi kuliko kina. Kikilala ubavu, mshipi umezidi. Hurekebishwa mpaka ncha isimame sawasawa, na hapo mvuvi hujua chambo chake kipo wapi.

Na kanuni ya nne ni kuijua lugha ya chelezo. Wengi hungoja kizame. Lakini samaki alaye chini aweza kuinua chambo pamoja na chubwi, na uzito ukiisha kuondolewa, chelezo huinuka na kulala ubavu badala ya kuzama. Mvuvi asiyejua husema, "Chelezo kimepumzika," na wakati huo samaki anakula.

Jambo moja la desturi za zamani karani aliliacha. Mzee alizoea kubana risasi ndogo katika mshipi kwa meno, na watoto wake walimwiga. Risasi ni sumu. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi mengi ya risasi ya wavuvi wa mshipi mwaka 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wakiyameza na kufa. Na mtoto wa binadamu hana damu ngumu kuliko bata. Nati ndogo ya chuma, au waya uliozungushwa mara kadhaa, hufanya kazi ile ile.

Hayo ndiyo somo la kwanza. La pili lilianza bila kujulikana kwamba ni somo.

Karani alikuwa na desturi ya kwenda nyumbani kila Jumamosi, na asubuhi yeye na baba yake, aliyekuwa amepita miaka 70, walikaa juu ya mawe yale yale ya pwani. Katika mwaka mmoja aliona kwamba kikapu cha mzee kilikuwa kikipungua. Kwanza samaki wanne, kisha wawili, kisha hakuna. Mtu aliyewafundisha uvuvi vijana wa pwani nzima alikuwa akirudi nyumbani na mshipi mkavu, na chambo chake kila mara kimeliwa.

Karani akadhani kosa ni la chelezo. Mwiba ule wa zamani ulikuwa umepasuka, naye akatengeneza mwingine. Haikufaa kitu. Akafikiri kwamba maji yamebadilika, maana gugu maji, lililoonekana katika ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1980, huja na upepo na kuondoka na upepo, na huenda likasumbua mshipi. Akatengeneza chelezo kinene cha kiini cha mafunjo. Haikufaa. Mwisho akanunua mjini chelezo cha duara chenye rangi mbili, nyekundu na nyeupe, kikubwa kama yai la kuku. Alijua vema kwamba ni kosa lile lile la kizibo, lakini alikuwa amekwisha ishiwa na maarifa. Mzee alikipapasa kwa vidole kwa muda mrefu, akasema, "Hiki kizuri." Mwanawe akashangaa. Mtu aliyemfundisha kudharau vizibo alikuwa akikisifu kizibo kikuu kuliko vyote.

Hata Jumamosi moja, jua likiwa limepanda kidogo, kile chelezo kikatikisika mara mbili, kikaenda ubavuni, kikazama chote. Ulikuwa mvuto wa samaki mkubwa, maana kukizamisha kitu kama kile si kazi ya mtoto. Karani akamtazama baba yake akingoja avute ufito. Mzee hakuvuta. Alikuwa amekaa wima, amekaza macho majini kwa makini yote ya mvuvi. Lakini kile alichokuwa akikitazama kilikuwa kitita kidogo cha gugu maji, hatua tatu upande wa kushoto, kilichokuwa kikielea taratibu.

"Leo hawali," akasema mzee.

Karani alinyamaza. Chelezo kikaibuka tena, chambo kimekwisha. Ndipo alipokumbuka mambo mengi aliyoyaona bila kuyafikiri: kwamba baba yake alikuwa ameacha kusoma gazeti na kusema halina habari, kwamba alimwagiza mjukuu wake amtilie chai, kwamba njiani alipenda kumtanguliza mwanawe, akisema ni heshima yake kwa mtu wa serikali. Habari zilikuwa zimeletwa juu ya maji mwaka mzima. Karani ndiye aliyekuwa chelezo kizito.

"Baba," akasema, "chelezo chako kiko wapi?"

Mzee akanyosha kidole kwenye gugu maji. Kisha, kwa kuwa mwanawe hakujibu, akakishusha kidole polepole.

"Tangu mavuno ya mwaka juzi," akasema, "naona kama mtu atazamaye kupitia moshi. Kwanza ulikuwa moshi mwembamba."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Ningekuambia ungenikataza kuja majini. Na kama siji majini, mwanangu, wewe nawe ungekuwa na sababu gani ya kuja kila Jumamosi?"

Hakuna jibu la upesi kwa swali la namna hiyo. Karani aliuzungusha mshipi wa baba yake, akatia chambo kipya, na wakaendelea kukaa.

Katika juma lile alitengeneza chelezo kingine, na hicho ndicho kilichomtaabisha kuliko vyote alivyopata kutengeneza. Ilibidi kiwe chepesi kwa samaki, na kionekane na mtu aonaye moshi. Akagundua kwamba rangi ni jambo la mwanga kuliko jambo la uzuri. Maji yanayong'aa kwa jua huimeza rangi nyeupe, na hata nyekundu hufifia, lakini nyeusi husimama juu yake kama wino juu ya karatasi. Maji ya kivulini, yaliyo meusi yenyewe, huidhihirisha rangi ya chungwa au ya manjano. Basi akachukua mwiba wa nungunungu, akaunganisha juu yake kijiti kirefu chepesi, akakipaka rangi nyeusi tii. Na tumbo la kiini cha mafunjo akalifanya dogo, litoshe kukichukua kijiti na lisizidi. Jumamosi iliyofuata akamketisha mzee mahali ambapo jua la asubuhi lilimeremeta majini mbele yake.

"Naona mstari," akasema mzee. Baada ya muda akasema, "Mstari umeondoka," akavuta ufito. Alikuwa ngege mdogo tu, wa kiasi cha kiganja, lakini mzee alimshika kwa mikono miwili.

Jambo hilo lingeweza kuishia hapo, na wengi huliacha liishie hapo. Hudhani upofu wa mzee ni mali ya uzee kama mvi na fimbo, na wajibu wa watoto ni kumtengenezea chelezo kinachoonekana. Karani alitaka kumpeleka baba yake kwa daktari wa macho. Mzee akakataa, akasema hataki kisu machoni, na macho yake yamekwisha fanya kazi ya kutosha.

"Baba," karani akamwambia, "ulinifundisha kwamba chelezo kisipoleta habari, mtu hatupi ufito wake ziwani. Hutafuta kasoro ilipo."

Mzee akakaa kimya, kisha akauliza gari huondoka saa ngapi.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Lenzi ya jicho, iliyo nyangavu ujanani, hufanya ukungu kidogo kidogo hata mwanga usipite. Hakuna miwani wala dawa ya matone iwezayo kuuondoa; dawa yake ni kupasuliwa. Daktari huitoa lenzi iliyoharibika na kutia mahali pake lenzi iliyotengenezwa. Harold Ridley, daktari Mwingereza, ndiye aliyetia lenzi ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, mjini London mwaka 1949. Na kazi iliyokuwa ajabu siku zile sasa hufanywa kila siku, aghalabu kwa muda usiotimia saa moja, mgonjwa akiwa macho na jicho lake tu limetiwa ganzi. Pamoja na hayo, mtoto wa jicho ndiye bado awapofushaye watu wengi duniani kuliko ugonjwa mwingine wowote, na wengi wao wangeweza kuona tena.

Fedha zilizokuwa zimewekwa kwa mabati ya jikoni zilitumika kwa jicho la kulia. Mke wa karani ndiye aliyezitoa sandukuni, akasema jiko limevuja miaka mitano na laweza kuvuja wa sita. Asubuhi iliyofuata bandeji ikafunguliwa. Mzee alitazama dirisha, akatazama mikono yake, kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Kumbe nawe umeota mvi," akasema. "Tangu lini?"

Majuma kadhaa baadaye, daktari alipompa ruhusa, walirudi kwenye mawe yao. Karani alikuwa amekichukua kile chelezo chenye kijiti cheusi, maana alikuwa amekitaabikia sana na alikiona ni kazi nzuri. Mzee akakipokea, akakigeuza, akakisifu, akamrudishia.

"Kiweke," akasema. "Huenda ukakihitaji wewe siku moja. Mimi nipe mwiba."

Akaufunga mwenyewe kwa pete ya mpira wa valvu, akapima kina, akaongeza kipande cha waya, akapunguza, mpaka ncha ikabaki nje kiasi cha ukucha. Upepo ulikuwa mdogo. Karani naye akatupa mshipi wake, lakini macho yake hayakuwa majini. Alikuwa akitazama uso wa baba yake, na jinsi jicho lile moja lilivyokifuata kitu chembamba kama sindano, kikipanda na kushuka juu ya mawimbi madogo, bila kukipoteza hata mara moja.

"Mwanangu," akasema mzee, bila kugeuza kichwa. "Chelezo chako kimezama. Watazama nini?"